Kupambanua Aliyepuuzwa na Asiyeiva: Mwongozo wa Kutathmini Chipukizi wa Futiboli ya Vyuo Vikuu vya Marekani

Tarehe 25 Aprili 2013, NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli ya Kimarekani, ilipofanya jijini New York uteuzi wake wa kila mwaka, ambamo timu huchagua kwa zamu wachezaji wapya kutoka vyuoni, watatu kati ya wachezaji watano wa kwanza kuitwa walikuwa vijana ambao walipomaliza sekondari hakuna chuo kikubwa kilichowagombania. Wa kwanza kabisa alikuwa Eric Fisher, aliyekulia Michigan akiwa mrefu lakini mwembamba mno kwa kazi ya kumkinga kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, akaenda chuo cha Central Michigan. Wa nne alikuwa Lane Johnson, kwotabeki wa shule ya mji mdogo wa Groveton, Texas, aliyepitia chuo cha miaka miwili cha Kilgore, kisha chuo cha Oklahoma wakamhamisha nafasi moja baada ya nyingine hadi akatulia kuwa mlinzi wa pembeni wa safu ya mbele, kazi ileile ya kumkinga kwotabeki. Wa tano alikuwa Ezekiel Ansah, kijana wa Ghana aliyefika chuo cha BYU huko Utah mwaka 2008, akajaribu mpira wa kikapu na riadha, na akaingia futiboli mwaka 2010 bila kuwahi kuucheza mchezo huo maishani mwake.

Kwa misimu kadhaa nimekuwa nikisaidia kutazama na kupanga video za chipukizi kwa ajili ya timu ya chuo kidogo katika majimbo ya kati ya Marekani, na nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya wale wanaoifanya au wanaotaka kuifanya kazi hiyo, pamoja na wazazi wanaozungumza Kiswahili huku ambao watoto wao wamevutwa na mchezo huu na wangependa kujua kocha anapimaje. Timu kubwa zina uwezo wa kuchukua vijana ambao kila mtu amekwisha kuwaona. Sisi wengine tunaishi kwa kumwona mapema yule ambaye wenzetu wamempita, na makosa mengi ninayoyaona katika kazi hii yanatokana na kuchanganya watu wawili tofauti, yaani aliyepuuzwa na asiyeiva.

Hatua ya kwanza: amua unamtazama yupi kati ya hao wawili

Aliyepuuzwa ni mchezaji ambaye tayari anaweza, ila macho ya wenye kuamua hayakumfikia, au yalimfikia yakaona kitu kingine. Mfano ulio wazi zaidi katika miaka ya karibuni ni Cam Ward. Shule yake ya sekondari huko West Columbia, Texas, ilicheza kwa mfumo wa kizamani wa kubeba mpira chini, ambao kwotabeki hurusha mara chache sana katika mechi, na kwa hiyo mkono wake mzuri haukuwa na pa kuonekana. Chuo kidogo cha Incarnate Word cha San Antonio kikamchukua, na mwaka 2025, baada ya kupitia Washington State na Miami, aliteuliwa wa kwanza katika uteuzi wa NFL.

Asiyeiva ni mwingine kabisa. Huyu leo hawezi, na ukimwingiza uwanjani msimu huu atakufungisha mechi, lakini ndani yake mna kitu ambacho chakula, mazoezi ya uzito, mafundisho na muda vinaweza kukitoa nje. Ansah alikuwa hivyo.

Tofauti hii inabadilisha swali la kuuliza. Kwa aliyepuuzwa unauliza kwa nini hakuonekana, na ukikosa jibu la kuridhisha ujue kwamba huenda wenzako walimwona vizuri na wakamkataa kwa haki. Kwa asiyeiva unauliza ni nini hasa kimebaki kukua, nani atakikuza na kwa muda gani. Kocha anayemsifu kijana kwa kusema tu kwamba ana kipaji cha kujificha hajajibu swali lolote kati ya hayo mawili, na mimi simwekei jina hilo kwenye orodha mpaka ajibu.

Hatua ya pili: tafuta sababu ya kupuuzwa, na uiandike kwa sentensi moja

Kabla ya hapo ni vyema kuyapa madaraja ya nyota heshima yake. Mashirika kama 247Sports, Rivals na ESPN huwapa chipukizi nyota mbili hadi tano, na 247Sports hutoa nyota tano kwa vijana takriban 32 kila mwaka, idadi inayolingana na nafasi za raundi ya kwanza ya uteuzi wa NFL. Kwa wastani madaraja hayo yako sahihi, kwa maana kwamba kijana wa nyota tano ana nafasi kubwa zaidi ya kufika mbali kuliko wa nyota mbili. Anayeanza kazi hii kwa kudhani kwamba wapangaji wa nyota hawajui wanachofanya ataambulia patupu, kwa kuwa kazi yetu ni kutafuta mahali ambapo darubini yao haifiki, na mahali hapo panajulikana.

Pa kwanza ni jiografia. Leighton Vander Esch alitoka Riggins, kijiji cha Idaho chenye wakazi mia chache, ambako shule ilicheza futiboli ya wachezaji wanane kila upande badala ya 11. Alijiunga na Boise State bila ufadhili, na mwaka 2018 Dallas Cowboys wakamchukua katika nafasi ya 19. Chad Greenway wa Mount Vernon, South Dakota, alicheza ile ya wachezaji tisa, akaenda Iowa, na mwaka 2006 akateuliwa wa 17. Mkaguzi hawezi kusafiri saa nne kwenda kutazama mechi ya watoto wanane dhidi ya wanane, na hata akienda hajui alinganishe na nini.

Pa pili ni ukuaji wa kuchelewa. Josh Allen alikulia katika familia ya wakulima huko Firebaugh, California, na alipomaliza sekondari hakuwa na ofa hata moja ya ngazi ya juu. Alikwenda chuo cha miaka miwili cha Reedley, akawaandikia makocha wengi barua pepe, na Wyoming wakamwitikia. Mwili wake ulikuwa umeongezeka sana kati ya siku aliyopuuzwa na siku aliyochukuliwa. Aliteuliwa wa saba mwaka 2018, na alitangazwa mchezaji bora wa NFL wa msimu wa 2024. Aaron Rodgers naye alipita njia hiyohiyo ya chuo cha miaka miwili, Butte, na kocha Jeff Tedford wa chuo cha California alimwona huko alipokuwa amekwenda kumtazama mchezaji mwingine.

Zipo sababu nyingine ambazo hazihitaji maelezo marefu: jeraha lililomwondoa kijana uwanjani katika mwaka wake wa tatu wa sekondari, ambao ndio mwaka wa kuamuliwa, kuhama shule, kuchezeshwa nafasi isiyo yake kwa sababu timu haikuwa na mtu mwingine, kuanza mchezo akiwa na miaka 16. Tangu mwaka 2018 imeongezeka pia sababu ya kimfumo, kwani NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, ilifungua rejista ya uhamisho wa wachezaji, na makocha wengi sasa wanaona ni salama zaidi kumchukua mtu wa miaka 21 aliyekwisha kucheza vyuoni kuliko kumlea wa miaka 18. Watoto wa sekondari wanaoachwa mlangoni kwa sababu hiyo ni wengi kuliko zamani, na kwa chuo kidogo chenye subira hiyo ni fursa.

Ukiisha kuipata sababu, iandike kwa sentensi moja juu kabisa ya faili la kijana. Sentensi kama «alivunjika mguu Septemba ya mwaka wa tatu, na shule yake haikuwa na video ya mwaka wa pili» inatosha. Ukishindwa kuiandika, rudi nyuma.

Hatua ya tatu: pima mwenyewe

Urefu na uzito unaotangazwa na shule hutiwa chumvi, na si kwa nia mbaya kila mara. Kijana hupimwa akiwa na viatu, au hupimwa na mjomba. Nenda na futi ya chuma na mzani wako. Mvue viatu, msimamishe ukutani visigino vikigusa, weka kitabu kigumu kichwani na utie alama kwa penseli, kisha pima mikono yake ikiwa imenyooshwa kushoto na kulia, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Kwa wachezaji wa safu ya mbele kipimo hiki cha mikono mara nyingi kinanisaidia kuliko urefu wenyewe, kwa kuwa mwenye mkono mrefu humfikia mpinzani kifuani kabla hajafikiwa.

Kisha tazama mifupa. Shika kifundo cha mkono, angalia upana wa mabega na nyonga, uliza namba ya kiatu. Kijana wa sentimita 196 mwenye kilo 98, ambaye vifundo vyake ni vinene na mabega yake ni mapana, ana nafasi ya kubeba kilo nyingine 30 bila kupoteza mwendo; mwenzake mwenye urefu na uzito uleule lakini mwenye mabega membamba na nyonga ndogo huenda akafika kilo 110 na mwili ukagoma. Namba mbili zilizo sawa kwenye karatasi zinaweza kuwa watu wawili tofauti kabisa.

Kuhusu kasi, mbio za yadi 40, ambazo ni kama mita 36.6, ndizo zinazotajwa kila mahali, lakini muda uliopimwa kwa saa ya mkononi huwa mzuri kuliko wa mashine kwa karibu robo ya sekunde, na robo ya sekunde katika umbali huo ndiyo inayotenganisha mchezaji wa kawaida na wa kipekee. Mimi huuweka muda wa mkononi pembeni, na badala yake naenda kwenye matokeo ya riadha ya shule, yaliyopimwa kwa mashine mbele ya watu.

Hatua ya nne: tazama mechi nzima, tena ile aliyofungwa

Karibu kila chipukizi leo ana video yake kwenye Hudl, mtandao wa video za michezo, dakika tatu au nne za matukio yaliyochaguliwa na yeye mwenyewe. Video hiyo inakuonyesha kilele chake, nayo ina thamani kwa asiyeiva, kwa sababu kilele ndicho unachotaka kujua kama kipo. Lakini haikuonyeshi kitu kingine chochote. Katika msimu wangu wa kwanza nilimpendekeza mlinzi wa nyuma kwa kutazama dakika nne tu, ambamo aliwakata wapinzani sita kwa kishindo. Mechi tatu kamili, nilipozipata baadaye, zilinionyesha kwamba kati ya vishindo hivyo alikuwa akisimama, akingoja mpira umfuate. Tangu siku hiyo siandiki neno lolote la kupendekeza kabla ya kutazama mechi tatu nzima: moja dhidi ya mpinzani bora wa ratiba yao, moja waliyofungwa vibaya, na moja ya mwisho wa msimu.

Katika mechi hizo anza kwa kumtazama wakati mpira hauko kwake. Mpira ukienda upande wa pili wa uwanja, je, anakimbia kuufuata au anatembea? Akishindwa pambano, anachukua muda gani kuamka na kuanza la pili? Katika robo ya nne, timu yake ikiwa nyuma kwa pointi 28, je, miguu yake bado inafanya kazi ileile iliyokuwa ikiifanya robo ya kwanza?

Kisha shuka kwenye viungo. Kwa mchezaji wa safu ya mbele tazama kama anapinda magoti au anapinda kiuno. Anayepinda kiuno huinamisha kichwa, uzito wake unamtangulia, na mpinzani mwenye akili humvuta tu akaanguka. Anayepinda magoti anakaa chini kama mtu anayekaa kwenye kigoda, mgongo umenyooka, na anaweza kusukuma kuelekea popote. Kupinda magoti kunaweza kufundishwa kwa kiasi fulani, lakini nyonga na vifundo vya miguu vilivyokakamaa ni kazi ya miaka, na kwa wengine havilegei kabisa. Kwa mdakaji au mlinzi wa nyuma, tazama hatua ngapi anahitaji ili abadili mwelekeo. Kwa lainibeka, yaani mlinzi wa safu ya pili, simamisha video mara tu mpira unapoanza kuchezwa, uangalie mguu wake wa kwanza unaelekea wapi. Ukielekea pabaya mara nane kati ya kumi, huyo anaubahatisha mchezo.

Ngazi ya wapinzani lazima iingie katika hesabu. Kijana anayecheza dhidi ya shule ndogo za vijijini ni lazima aonekane kama mtu mzima kati ya watoto, na ikiwa analingana nao tu, hata akiwa na umbo la kuvutia, jibu umeshalipata. Hapo ndipo huruma inapowapotosha wengi, kwa sababu hadithi ya mtoto wa kijijini aliyesahauliwa inapendeza, nasi tunaitaka iwe ya kweli.

Jambo la mwisho katika video, ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa zaidi kwa asiyeiva, ni mwelekeo. Chukua mechi ya Septemba na mechi ya Novemba za msimu mmoja, kisha mechi za mwaka wa pili na za mwaka wa tatu, uzitazame kwa kufuatana siku moja. Nilifanya hivyo kwa kijana mmoja wa safu ya mbele ambaye Septemba alikuwa akichelewa kila mpira na mikono yake ikizunguka nje kama anayekumbatia gunia. Kufikia Novemba mikono ilikuwa imeingia ndani, viganja kifuani mwa mpinzani, na katika mpira mmoja wa robo ya tatu alikosea hatua, akaisahihisha katikati ya mwendo bila kuambiwa na mtu. Nikarudisha mpira huo mara nyingi. Anayejifunza kiasi hicho kwa wiki kumi chini ya kocha ambaye mchana ni mwalimu wa hisabati atajifunza zaidi akipata kocha wa nafasi yake peke yake.

Hatua ya tano: mtafute kwenye michezo mingine

Shule za Marekani zina bahati ya kuwa na misimu mitatu ya michezo kwa mwaka, na chipukizi asiyeiva mara nyingi hujionyesha vizuri zaidi nje ya futiboli, ambako hakuna mfumo wa kumficha. Terron Armstead wa chuo cha Arkansas-Pine Bluff alikuwa mtupa tufe na kisahani kabla ya kuwa mmoja wa walinzi wa pembeni waliotegemewa katika NFL. Mtupaji tufe mzuri ana miguu ya haraka ndani ya duara dogo na nguvu inayoanzia ardhini, na ndivyo mlinzi wa safu ya mbele anavyohitaji kuwa. Mwanamieleka anajua kutumia uzito wa mwenzake. Mruka viunzi mrefu ana nyonga zilizofunguka. Kwenye mpira wa kikapu, keti nyuma ya goli umtazame mchezaji mkubwa anavyohamisha miguu akimzuia mwenzake asipite, kwa sababu miguu hiyo ndiyo itakayomzuia mwindaji wa kwotabeki.

Nenda kwenye uwanja wenyewe. Kwenye jukwaa la ukumbi wa kikapu, mwezi Januari, huwa hamna mkaguzi mwingine wa futiboli, na unaweza kuona pia jinsi kijana anavyopokea kutolewa mchezoni.

Hatua ya sita: kadiria mwili utakaokuwepo baada ya miaka mitatu

Uliza tarehe ya kuzaliwa kabla ya jambo lingine lolote. Wawili walio darasa moja wanaweza kutofautiana kwa miezi 14 au zaidi, na mdogo aliyelingana na mkubwa amekwisha kukuambia kitu. Uliza urefu wa baba, mama, na kaka wakubwa, na uulize kaka hao waliacha kukua wakiwa na umri gani. Uliza alikuwa na uzito gani mwaka uliopita na mwaka juzi, anakula mara ngapi kwa siku, na kama amewahi kufanya mazoezi ya uzito kwa mpangilio. Kijana wa kilo 95 ambaye hajawahi kugusa chuma na anaruka mlo wa asubuhi ana nafasi kubwa ya kuongezeka. Mwenye kilo 120 ambaye amefanya mazoezi na mkufunzi wa kulipwa tangu akiwa na miaka 13 huenda amefika.

Halafu jiulize kama nafasi anayocheza leo ndiyo atakayocheza kesho. J.J. Watt wa Pewaukee, Wisconsin, aliingia Central Michigan kama taitiendi, anayezuia na kudaka, akaondoka, akajiunga na Wisconsin bila ufadhili, na huko akawa mwindaji wa pembeni wa safu ya ulinzi. Aliteuliwa wa 11 mwaka 2011 na kuwa mlinzi bora wa NFL mara tatu. Travis Kelce, taitiendi mashuhuri wa NFL, alikuwa kwotabeki sekondari. Kwa ujumla watu husogea kuelekea katikati na mbele kadiri wanavyonenepa: mlinzi wa nyuma huwa lainibeka, lainibeka huwa mwindaji wa pembeni, taitiendi huwa mlinzi wa safu ya mbele. Ni nadra kuona safari ya kurudi nyuma. Basi mwenye kasi ya nafasi moja na mifupa ya nafasi inayofuata ndiye anayestahili kutazamwa kwa makini.

Kwa kwotabeki mimi huogopa zaidi. Mwili unaweza kukadiriwa, lakini kusoma ulinzi na kuamua ndani ya sekunde mbili na nusu ni vigumu kukukadiria kwa mtu ambaye hajawahi kuombwa akufanye.

Hatua ya saba: zungumza na watu wanaomjua, na uende nyumbani

Kocha wake wa futiboli atamsifu, ni wajibu wake. Mtafute kocha wa riadha, mwalimu wa darasa ambalo halipendi, msimamizi wa chumba cha mazoezi. Swali langu la kudumu ni kama kijana hufika bila kusukumwa siku ambazo hakuna anayehesabu mahudhurio. Asiyeiva ana miaka miwili au mitatu mbele yake ya kufanya kazi bila kuonekana uwanjani, na kama hapendi kazi yenyewe hatafika.

Masomo yakaguliwe mapema. NCAA inadai kozi 16 za msingi na wastani usiopungua 2.3 kwa ngazi ya kwanza, na si kila kozi ya shule inahesabiwa miongoni mwa hizo 16. Kwa watoto waliofika Marekani wakiwa vijana, wakiwemo wengi wanaotoka Kongo, Burundi na Rwanda kupitia kambi za wakimbizi, hesabu hiyo inaweza kuharibika kimyakimya kwa sababu miaka ya mwanzo walipangiwa madarasa ya lugha na hakuna aliyewaeleza. Mzazi anayesoma haya akachukue orodha ya kozi za mwanawe kwa mshauri wa shule wiki hii, asingoje mwaka wa mwisho.

Nyumbani kuna mengi ambayo video haina. Nilikaribishwa kwa familia moja ya watu wa Uvira huko Des Moines, Iowa, kumwona kijana wa miaka 17 aliyekuwa ameanza mchezo huu mwaka mmoja tu nyuma. Mama yake aliweka chai mezani, akakaa, akaninyamazia kwa muda, kisha akauliza: «Sasa, baba, mguu ukivunjika, shule inaendelea?» Lilikuwa swali bora kuliko yote niliyokuwa nimeyaandika kwenye daftari langu. Nilimjibu, «Mama, sitakujibu kwa kichwa, tusome pamoja mkataba wa ufadhili», na tukausoma, mimi nikifasiri mstari kwa mstari. Mtathmini asiyejua jibu la swali hilo kwa mujibu wa maandishi ya chuo chake asiende nyumbani kwa mtu. Wakati tunasoma, kijana aliondoka mara mbili kumtuliza mdogo wake, akarudi na kuuliza tumefika ukurasa wa ngapi. Niliandika hilo pia.

Hatua ya nane: kipime chuo chako pamoja na kijana

Kijana yuleyule anaweza kuiva Iowa na kuoza mahali pengine. Iowa chini ya Kirk Ferentz, ambaye ameiongoza tangu mwaka 1999, na Kansas State enzi za Bill Snyder, zilijijengea jina la kuwakuza watu ambao wengine hawakuwataka, kwa sababu makocha walikaa, mafundisho hayakubadilika kila mwaka, na mchezaji wa mwaka wa kwanza aliwaona mbele yake wa mwaka wa nne waliopita njia hiyohiyo. Jiulize kama kocha wa nafasi yake atakuwepo baada ya miaka miwili, kama chumba cha uzito kina mtu wa kumfuatilia mmojammoja, na kama yupo anayesimamia chakula.

Kanuni zinasaidia kwa kiasi. Tangu mwaka 2018 mchezaji anaweza kuonekana katika mechi zisizozidi nne bila kupoteza mwaka wake wa kucheza, hivyo unaweza kumwonjesha asiyeiva mechi bila kumtoza msimu mzima. Lakini baada ya makubaliano ya kisheria yaliyoidhinishwa Juni 2025, vyuo vya ngazi ya juu vilivyojiunga nayo vina kikomo cha wachezaji 105, na ule mlango mpana aliopitia Watt, wa kujiunga bila ufadhili na kungoja zamu, umekuwa mwembamba. Zaidi ya hayo, mchezaji sasa anaweza kuhama na kucheza papo hapo, na chuo kikubwa chenye fedha kinaweza kumchukua uliyemlea mara tu anapoiva. Hesabu muda wako kwa uaminifu: ikiwa kijana atahitaji miaka mitatu kuiva na utamtumia mmoja kabla hajaondoka, nafasi hiyo mpe aliyepuuzwa, anayeweza kucheza mapema. Mimi sipendekezi zaidi ya watatu wasioiva katika kundi moja la usajili, na huwaweka karibu wote kwenye safu za mbele, ambako kila mtu hungoja mwili hata hivyo.

Hatua ya tisa: andika uamuzi na uweke tarehe ya kuurudia

Faili liwe na ukurasa mmoja: aina ya kijana kati ya zile mbili, sentensi ya sababu, vipimo ulivyovichukua mwenyewe pamoja na tarehe, mechi tatu ulizozitazama, nafasi ya leo na ya miaka mitatu ijayo, uzito unaoutarajia kila Agosti, jina la kocha atakayewajibika naye, na jambo moja ambalo likitokea utakiri kwamba ulikosea. Hilo la mwisho liandikwe kabla ya kusaini, kwa mfano kwamba nyonga zisipolegea kufikia majira ya kuchipua ya mwaka wa pili atahamishwa nafasi.

Usiwatupe uliowakataa. Kila Februari, usajili ukiisha kufungwa, mimi hutoa mafaili ya miaka mitatu nyuma, ya waliochukuliwa na ya walioachwa, nikafuatilia kila mmoja yuko wapi na ana kilo ngapi, na pembeni mwa sentensi yangu ya zamani naandika kwa wino mwekundu nilichokiona na nilichokikosa. Kijana wa Des Moines ana ukurasa wake humo. Uzito niliouandika kwa Agosti ya kwanza aliupita kwa kilo nne, na mstari wa kozi 16 una alama ya tiki.